Karafuu Tatu Mfukoni

Mimi ni mdaku. Nalisema mwenyewe mapema ili asije mtu akadhani amenigundua. Kwa miaka kumi na tisa nimefua na kupiga pasi nguo za hospitali, na katika miaka yote hiyo hakuna mfuko uliopita mikononi mwangu bila kueleza ulichobeba. Kazini wananiita Mama Pasi.

Kuchungulia mifuko si tabia tu, ni kazi. Nguo chafu haiingii kwenye pipa la dawa kabla mifuko yake haijakaguliwa. Ukiruka mmoja, kalamu itavuja na kuharibu mashuka arobaini, au mkasi utatoboa mpira wa mashine na siku nzima mtakaa mnatazamana. Kwa hiyo unavaa glavu mbili, barakoa na miwani ya plastiki, unatoa vitu kwa koleo, kimoja kimoja, na kuviweka kwenye trei. Zamani nilikuta pipi, vishikizo, na barua za mapenzi ambazo, Mungu anisamehe, nilizisoma zote. Kuna ndoa mbili hapo hospitalini nilizijua kabla ya wazazi wa bwana harusi.

Ugonjwa ulipoingia, mifuko nayo ilibadilika. Pipi zilikwisha. Nikaanza kukuta sala zilizokunjwa mara nane, picha za watoto, na vikaratasi vya namba za simu vilivyoandikwa juu yake, "mpigieni huyu kwanza." Daktari mmoja kijana aliacha kila siku karatasi yenye neno moja tu, "pumua." Sikujua kama alikuwa anawaandikia wagonjwa au anajiandikia mwenyewe. Nilizisoma kupitia miwani yangu iliyojaa ukungu, nikazitia kwenye mfuko mwekundu wa kwenda kuchomwa, na kusema kweli zilinikaa moyoni.

Halafu Jumatatu moja zikaja karafuu.

Zilikuwa tatu, zimefungwa kwenye kipande cha shashi pamoja na ganda la limau na punje mbili za kahawa, ndani ya mfuko wa suruali ya kijani, saizi kubwa. Gunia lilitoka wodi ya pili, ile ya walioshikwa na ugonjwa wenyewe. Nilidhani ni vitu vya mtu aliyepitia jikoni. Jumanne zikaja tena, tatu vilevile, safari hii na kipande cha sabuni ya kuogea kisichozidi ukucha. Hapo udaku wangu uliamka, ukakaa kitako.

Nilimwonyesha Babu Mashine. Huyu ndiye anayeendesha mashine za kufulia, mwenzangu wa siku nyingi, mtu mzima anayeamini kila hadithi ili mradi iwe ya kutisha. Aliangalia trei kwa mbali, mikono nyuma, akasema hiyo ni hirizi, kuna mtu ameenda kwa mtaalamu kutafuta kinga, na yeye gunia hilo haligusi. Nikamwambia mtaalamu gani anatia kahawa kwenye hirizi. Akanijibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na sisi madobi tulitakiwa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Nililifua lile gunia peke yangu.

Simcheki. Wote tuliogopa siku zile, ila kila mtu na namna yake. Mlinzi wa lango alinawa mpaka ngozi ya vidole ikambabuka. Mhudumu wa usafi alikuwa akiimba kwa nguvu kila akipita mlango wa wodi ya pili, akishapita ananyamaza. Babu Mashine alisimulia vifo vya watu ambao baadaye tuliwaona sokoni. Mimi hofu yangu ilikuwa moja na ilikuwa na jina: mama.

Mama mzazi naishi naye, sisi wawili tu. Ana pumu tangu nikiwa mdogo, na daktari wa kliniki yake aliniambia bila kupamba kwamba ugonjwa huu ukimpata, hatavuka. Kwa hiyo niliigawa nyumba. Yeye akabaki chumbani, ana choo chake na dirisha linalotazama ua. Mimi nikahamia sebuleni kwenye godoro la sponji. Chakula nilikipika nimefunga barakoa, nikakiweka kwenye kigoda mlangoni, nikabisha mara mbili na kurudi nyuma hatua kumi kabla hajafungua. Wiki tatu tulizungumza kupitia mbao za mlango. Alivumilia yote isipokuwa nywele. Mama yangu ana miaka sabini na sita na hajawahi kukaa wiki mbili bila kusukwa, na sasa kichwani, alivyosema mwenyewe, kulikuwa na kichaka cha kuficha ng'ombe.

Nikamwahidi Jumamosi. Niliihesabu vizuri. Bango la langoni lilikuwa na dalili tatu, homa, kikohozi na kupumua kwa shida, na mimi sikuwa nayo hata moja. Kila asubuhi mlinzi alinielekezea kipimajoto kwenye paji la uso na kila asubuhi kilisema niko salama. Jumamosi nilikuwa na mapumziko. Nitaoga, nitavaa nguo safi, nitaingia, nitakaa nyuma yake kitandani na kumsuka mpaka jioni. Mama alishaweka kitana na mafuta kwenye dirisha. Kila nilipobisha mlango wiki ile aliuliza siku ngapi zimebaki.

Na kila nilipobisha alilalamikia chumvi.

"Mwanangu, hii mboga umeichota baharini?"

Nilimwambia ni uzee, ulimi umechoka. Akasema ulimi wake ndio ulionifundisha mimi kupika. Nikaliacha hapo, maana kichwa changu kilikuwa kwenye karafuu.

Jumatano niliweka mtego. Wafanyakazi wote huja asubuhi kwenye dirisha letu kuchukua nguo safi, na wanaovaa saizi kubwa wodi ya pili walikuwa watano tu. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala nikiwaza rangi. Kwenye pindo la kiuno la kila suruali nikashona uzi mfupi, mwekundu, wa njano, mweupe, mweusi na wa buluu, ndani kabisa ambako mvaaji haoni. Nikazigawa kwa mkono wangu na kuandika kichwani nani kachukua ipi. Babu Mashine aliniambia ningezaliwa mwanamume ningekuwa polisi. Nikamwambia hata hivi nilivyo polisi wananikosa.

Mchana gunia likaja. Suruali ya karafuu ilikuwa imefungwa kamba kwa mafundo matatu, moja juu ya jingine, yamekazwa mpaka nikayafungua kwa ncha ya koleo. Kila mtu ana fundo lake, ukifua muda mrefu unalijua. Madaktari hufunga fundo la viatu linalofunguka lenyewe. Huyu alifunga kama anayeogopa dunia nzima itamvuka pale kiunoni. Nikapindua pindo. Uzi ulikuwa wa buluu.

Nikakaa chini juu ya ndoo. Uzi wa buluu nilimpa Sista Chuma.

Sista Chuma ni muuguzi mkuu wa wodi ya pili, mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini, na hilo jina hakupewa bure. Wiki ya kwanza ya ugonjwa, wenzake walipokuwa wanalia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, yeye alisimama mlangoni akawavalisha mmoja mmoja, akakagua kila barakoa kwa kidole, na kumwambia kila mtu, "Hofu iache kabatini, utaikuta ukirudi." Watu waliingia wodini kwa sababu yeye aliingia. Kama huyu naye anatembea na hirizi, nilijiuliza, sisi wengine tumesimama juu ya nini?

Alhamisi sikuwa na akili ya kazi. Nilikuwa napiga pasi shuka huku nawaza mafundo yale, mara Babu Mashine akaingia mbio kutoka chumba cha pili, akaisukuma pasi kando na kuuliza kama nataka kutuchoma wote. Shuka lilikuwa na doa la kahawia lenye umbo la pasi, linafuka moshi. Alisema harufu imemfikia mpaka kwenye mashine, milango miwili katikati. Nikamwambia barakoa yangu ni nzito. Yeye pia alikuwa na barakoa, lakini hakuna aliyelifikiria hilo. Pua ya dobi hufa mapema, ni utani wetu wa miaka yote. Klorini inakula pua kabla haijala rangi ya nguo.

Ijumaa saa sita nikamfuata. Nyuma ya chumba cha kufulia kuna uwanja wa kuanikia, na kwenye uwanja kuna mabenchi mawili ya saruji. Sista Chuma hukaa pale wakati wa mapumziko, amevua barakoa, anatazama mashuka. Nikakaa benchi la pili, hatua nne kutoka kwake, nami nikavua yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka mbuyu, lakini nilipomwona alivyochoka nikaona aibu. Nikamwambia wazi kwamba mimi ndiye ninayetoa vitu mifukoni, kwamba nimeona karafuu tangu Jumatatu, na kwamba sitamwambia mtu ila naomba nijue, maana nisipojua nitaumwa.

Akatabasamu. Akasema alidhani mifuko inatazamwa na mashine.

Akanisimulia. Wiki mbili nyuma, mpishi aliitwa mahali na uji wa wodi ukaungua, ukaungua hasa, mpaka harufu ikapenya barakoa na kujaza ukumbi. Sista mwenyewe aliingia na maneno ya kuomba radhi mdomoni. Wagonjwa thelathini na wawili, na anawajua, ni watu wanaolalamikia hata mto. Hakuna aliyesema kitu. Wakanywa. Mmoja akaomba kuongezewa. Aliposimama pale na birika mkononi akaona hilo si la kawaida, akaanza kuwauliza kitanda kwa kitanda. Wengi hawakusikia harufu yoyote. Na baadhi yao wakakumbuka kwamba pua zilikuwa zimezima siku kadhaa kabla ya homa kuja. Alipompelekea daktari mkuu habari hiyo, daktari, ambaye alikuwa hajaenda nyumbani siku nne, alimjibu kwamba hilo halimo kwenye orodha na mgonjwa yeyote hukosa hamu ya chakula.

Basi akaanza kujipima mwenyewe. Kila akitoka wodini na kuvua, anajifungia chooni na kunusa vitu vinne, kimoja baada ya kingine. Vinne, kwa sababu kimoja kinaweza kumdanganya.

"Wananiita Chuma," alisema. "Chuma kinanusa karafuu chooni mara sita kwa siku, Mama Pasi. Nikisikia harufu nalia, nanawa uso, narudi kazini. Nina watoto wawili kwa dada yangu, sijawashika mwezi wa pili sasa. Naogopa mpaka mikono inanitetemeka nikifunga suruali."

Nilimwambia mafundo yake nayajua. Alicheka, na nilifurahi sana kumsikia anacheka. Niliona jambo lake ni la akili kuliko yote niliyoyasikia tangu ugonjwa uanze, na nikataka kujua zaidi: kahawa ni mbichi au iliyokaangwa, na limau likikauka je? Akafungua mkoba wake, akatoa pakiti mpya ya karafuu ambayo haijawahi kuingia wodini, akaweka chache kwenye ncha ya benchi langu na kurudi kwake.

"Nusa nawe uone," alisema.

Nikanusa. Nikazisugua kiganjani, nikanusa tena. Nikatafuna moja, iliuma ulimi na kuutia ganzi, basi.

"Sista, wamekuuzia za zamani," nikamwambia. "Hizi zimeshakufa."

Alichukua moja kutoka pakiti ileile, akaipitisha chini ya pua. Niliona uso wake unavyobadilika, taratibu, na hakusema kwamba nimekosea. Aliniuliza mara ya mwisho kusikia harufu yoyote ilikuwa lini. Nikaanza kumpa ule utani wa pua ya dobi. Akauliza tena, kwa upole, harufu yoyote ile.

Nikatafuta. Sabuni ya asubuhi ile, hapana. Mafuta ya mama niliyoyajaza kwenye chupa juzi, yale ya nazi ninayoyajua tangu nazaliwa, hapana. Shuka lililoungua chini ya mkono wangu, hapana. Na chumvi. Siku tano nimekuwa nikionja mboga, naona haina kitu, naongeza, naonja, naongeza. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimechungulia mifuko ya hospitali nzima, nimeshonea watu nyuzi za rangi, na kitu chenyewe nilikuwa nacho mimi, katikati ya uso wangu.

"Mama yako," alisema Sista Chuma. "Umemgusa?"

"Nilikuwa nimguse kesho."

Sijui nilikaa vipi muda uliofuata. Nakumbuka mikono yangu niliishika mapajani kama mikono ya mtu mwingine, kwa sababu niliona mahali ilipokuwa iende, kichwani kwa mama, saa nne nzima, pumzi yangu kwenye shingo yake. Na ningeingia kwa furaha, nimeoga, bango la langoni likiniunga mkono.

Walinipima jioni ileile kwa kile kijiti cha pua na majibu yalitoka kabla ya jua kuzama. Ninao. Mdogo wangu, ambaye anaishi mtaa wa pili, aliiacha nyumba yake kwa mumewe na kwenda kukaa na mama, akaanza kwa kusafisha kila kitasa. Mimi nilimpigia mama simu nikiwa bado nje, nimesimama mbali na watu.

"Mama, kesho siji kukusuka."



"Nywele hazina haraka, mwanangu," alisema. "Chumvi ndiyo ilinitia wasiwasi."

Nikalazwa wodi ya pili, kitanda cha kumi na moja. Homa ilinijia siku ya tatu, na kikohozi, na siku mbili ambazo sizikumbuki vizuri isipokuwa chupa ya oksijeni iliyokuwa inachemka karibu na sikio langu. Nguo za wagonjwa, niligundua, hazina mifuko. Nimezipiga pasi maelfu na sikuwahi kuliona hilo. Sista Chuma alifunga karafuu tatu kwenye shashi na kuzibandika kwa plasta kwenye chuma cha kitanda changu, na kila asubuhi aliniletea puani. Kila asubuhi nilitikisa kichwa. Naye alisema haya, kesho, na kwenda kitanda cha kumi na mbili.

Mama walimpima siku ya tano na tena siku ya kumi, na mara zote mbili alikuwa mzima. Alinitumia salamu kupitia mdogo wangu kwamba sasa anakula chakula cha binadamu. Daktari mkuu, baada ya kusikia habari yangu, alipita kitanda kwa kitanda kuuliza mwenyewe. Kesho yake bango la langoni lilikuwa na mstari wa nne, umeandikwa kwa kalamu nene. Sikuuona, Babu Mashine ndiye aliyekuja kunihadithia kupitia dirishani, akaongeza kwamba sasa yeye mwenyewe anatembea na kahawa mfukoni, na kwamba tangu mwanzo alijua ile si hirizi.

Siku ya kumi na tatu niliamka na hasira. Sikujua inatoka wapi. Kuna kitu kilikuwa kinanikera, kinanichokonoa, nikainuka kwenye viwiko na kutazama wodi nzima. Watu walikuwa wanakunywa uji wao kimya. Bibi wa kitanda cha kumi na mbili alikuwa anakwangua bakuli.

"Nani kaunguza uji?" nikauliza.

Bibi akaniambia uji ni mzuri tu, nisilete maneno. Sista Chuma alikuwa mlangoni na trei ya dawa.

"Umesema nini?"

"Nimesema uji umeungua. Unanuka mpaka huku."

Aliiweka trei chini, sakafuni, jambo ambalo angemfukuza mwanafunzi kwa kulifanya, akaugeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika ndani ya lile gauni la plastiki. Wodi nzima iliacha kula ikimtazama, maana hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Alipogeuka miwani yake ilikuwa imejaa ukungu, akaniomba niseme tena, nikasema tena, na mara ya tatu akanisogezea bakuli langu mwenyewe. Ulikuwa uji mbaya kuliko wote niliowahi kuonja. Nikaunywa wote, nikaomba kuongezewa.